Nahama nchi, nina baiskeli mbili: niuze ipi, nisafirishe ipi?

GurudumuLaNyuma (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Zimebaki wiki sita nihame nchi. Kazi nimepata, karatasi zimekamilika, familia iko tayari. Kinachoninyima usingizi ni baiskeli.

Ninazo mbili. Ya kwanza ni ya chuma, matairi ya inchi 26, gia nane nyuma, breki za kubana rimu. Niko nayo mwaka wa tisa sasa. Rangi imebanduka pale kufuli linapogonga kila siku, na kiti chake cha ngozi kimeshakaa umbo langu. Ya pili nimeinunua miezi minne iliyopita: fremu ya aluminiamu, breki za diski za mafuta, gia 12, nyepesi kiasi kwamba naibeba ngazini kwa mkono mmoja. Hiyo ilinitoa pesa ndefu.

Mpango wangu ni kusafirisha mpya na kuuza ya zamani, maana mpya ndiyo yenye thamani. Na ikionekana hainifai huko, nitaiuza huko huko. Nakwenda nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, na naambiwa soko la baiskeli huko ni kubwa.

Mke wangu anasema niuze zote nianze upya. Aliyewahi kupitia hili anisaidie: gharama huhesabiwaje, na kuna mtego gani nisiouona?

Njia_Panda

Uza zote kaka. Uholanzi peke yake ina baiskeli nyingi kuliko watu. Utabebaje kuni kwenda msituni?

MizigoNaKaratasi

Mleta uzi, nimefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani miaka mingi, kwa hiyo nianze na kitu ambacho wengi hukijua wakiwa wameshachelewa. Baiskeli yako ina uzito wa kilo ngapi, haijalishi sana. Pima boksi.

Kampuni za kusafirisha vifurushi hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5000. Mizigo ya kawaida ya ndege mara nyingi hugawanywa kwa 6000. Chukua boksi la baiskeli la 140 kwa 80 kwa 20. Hiyo ni sentimita za ujazo 224,000. Gawa kwa 5000, unapata kilo 44.8. Ndani yake kuna baiskeli ya kilo 10 au 14, lakini wewe unalipia karibu 45. Kwa hiyo wepesi wa hiyo mpya haukuokolei chochote kwenye bei ya kifurushi, maana boksi ni lile lile.

Kwa meli hesabu ni ya mita za ujazo. Boksi hilo ni kama robo ya mita moja, ila mawakala wengi wana kima cha chini, mara nyingi mita moja nzima, halafu kuna gharama za bandarini za kule mwisho ambazo hazimo kwenye bei uliyotajiwa mwanzo. Ukiwa na maboksi ya vitabu, vyombo na godoro, baiskeli inaingia humo kwa nyongeza ndogo sana. Ikisafiri peke yake, unalipia hewa.

Mtu akikushauri utengeneze kasha la mbao, mwambie mbao ghafi haziruhusiwi kuvuka mipaka hivi hivi. Kuna kanuni ya kimataifa, ISPM 15, inayotaka mbao za kufungashia zitibiwe, mara nyingi kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30, kisha zigongwe muhuri. Katoni haina shida hiyo.

Ushuru nitaurudia baadaye, niko barabarani.

Mama_Safari

Mimi nimehama nchi mara tatu na baiskeli ile ile, kaka yangu, kwa hiyo nitakupa ya moyoni.

Njia ambayo hajaitaja ndugu yangu hapo juu ni kupanda nayo ndege kama mzigo wako. Mashirika mengi huipokea baiskeli iliyofungwa kwenye boksi. Mengine huihesabu kama begi lako moja mradi isizidi kilo 23, mengine hutoza ada ya vifaa vya michezo, na karibu yote yanataka utoe taarifa mapema kwa sababu nafasi ni chache. Boksi litazidi ule ukubwa wa kawaida wa begi, yaani urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158, kwa hiyo soma kanuni ya baiskeli peke yake, usisome ya mabegi. Na soma kanuni za kila shirika kwenye tiketi yako, kama unabadilisha ndege njiani.

Mara ya kwanza yalinikuta. Nilipokea boksi uwanjani, kona moja imebonyea, nikasema nimechoka, nitaliangalia nyumbani. Siku ya tatu nafungua, mguu mmoja wa foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, umepinda. Kilichoniokoa ni kwamba niliandika barua siku hiyo hiyo. Kwa Mkataba wa Montreal, mzigo ulioharibika unaulalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Siku ya nane huna kesi. Na fidia ina kikomo: tangu 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR, ile sarafu ya hesabu ya IMF, kwa kila abiria, kwa mizigo yake yote. Kwa hiyo baiskeli ya bei kubwa inahitaji bima yake yenyewe.

Mara ya pili nilikwenda Australia. Wenzangu, wale watu wanalinda mashamba yao kwelikweli. Nilikuwa nimeosha fremu ikang'aa, lakini chini ya mkono wa breki ya nyuma kulikuwa na udongo mkavu, kipande kama punje ya mahindi. Ofisa alitumia tochi na kijiti chembamba, akakitoa, akaniambia baiskeli haiingii mpaka isafishwe. Nikalipia usafi na kusubiri. Tangu hapo mimi huosha kwa mswaki: kwenye meno ya tairi, nyuma ya pedeli, ndani ya matundu ya viatu vyangu vya kuendeshea. New Zealand nako ni hivyo hivyo.

Pamoja na yote hayo, sijawahi kujuta kuibeba.

Kilima_Kimoja

Mimi niliuza, na ninajuta mpaka leo.

Ni mfupi, wakuu. Fremu yangu niliitafuta karibu mwaka mzima kabla ya kupata inayonikaa bila kuinamisha mgongo kama nadeki sakafu. Nilipohama nikaambiwa kama Njia_Panda anavyokuambia: huko baiskeli zimejaa. Ni kweli zimejaa, ila za watu warefu. Niliendesha za mitumba mbili, zote nikawa nafikia usukani kwa ncha za vidole. Miezi mitano magoti yananiuma na sijui kwa nini, kumbe kiti kiko chini sana na siwezi kukipandisha kwa sababu mikono haifiki.

Kwa hiyo mleta uzi, swali langu: wewe ni wa kimo cha kawaida? Kama ndiyo, utapata nyingine. Kama una miguu mirefu kuliko kawaida, au kiwiliwili kifupi, au mgongo ulioshawahi kuumia, ipe uzito mkubwa baiskeli inayokukaa, hata kama ni kuukuu.

Na hata ukiuza, usiuze vyote. Fungua kiti na pedeli, weka kwenye begi la nguo. Karibu kila baiskeli ya kisasa inapokea kiti chochote na pedeli zozote, maana reli za kiti na matundu ya pedeli vina kipimo kimoja. Kisha chukua futi, pima kutoka katikati ya pale mikono ya pedeli inapozungukia hadi juu ya kiti, na kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani. Andika namba hizo mbili kwenye simu. Ningekuwa nazo, nisingeumia miezi mitano.

GurudumuLaNyuma

Dada Kilima, asante sana. Mimi ni mrefu wa kawaida, ila nimewahi kuumia kiuno. Hiyo mpya kwa kweli huwa inanichosha mgongo nikizidi saa moja. Nilidhani ni ugeni tu.

Kikapu_Mbele

Samahani mleta uzi kwa kuingilia. Yangu ni ya umeme. Naweza kupanda nayo ndege?

FundiMnyororo

Kikapu, betri ndiyo tatizo lako. Kwenye ndege za abiria betri ya lithiamu ya hadi saa-wati 100 inapita, kati ya 100 na 160 mpaka shirika liruhusu, zaidi ya hapo hapana. Yako zidisha volti kwa saa-ampea zilizoandikwa juu yake. Volti 36 mara 14 ni 504. Hiyo haipandi hata kwa kuomba. Kwa meli au ndege ya mizigo inasafiri kama mzigo hatari, na karatasi na kifungashio chake maalumu. Tafadhali usithubutu kuificha ndani ya boksi, moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi. Halafu angalia sheria ya unakokwenda: Ulaya baiskeli ya umeme inayohesabiwa kama baiskeli ya kawaida ni ya injini ya wati 250 na msaada unaokata kwenye kilomita 25 kwa saa. Yenye nguvu zaidi inakuwa pikipiki mbele ya sheria. Ushauri wangu, iuze.

Mleta uzi, sasa nikurudie wewe. Nimesikia unaita ile mpya yenye thamani. Mimi nazitazama kwa mkono wa fundi. Hiyo ya gia 12, kihamisha gia cha nyuma kinaning'inia kwenye kipande chembamba cha aluminiamu kilichotengenezwa makusudi kiwe laini, ili kipinde chenyewe fremu isipinde. Boksi likiangukia upande huo kinapinda milimita mbili tatu, na gia 12 hazivumilii hata hizo mbili. Kila fremu ina umbo lake la hicho kipande, kwa hiyo nunua cha akiba kabla hujaondoka. Breki zako za mafuta nazo, mtu akibana mkono wa breki gurudumu likiwa limetolewa, pistoni zinatoka na kugandana. Weka kadi ngumu katikati ya pedi.

Ile ya chuma haina mambo mengi. Gia nane za nyuma, mnyororo wake na vifaa vyake vinapatikana duniani kote kwa bei nafuu. Fremu ya chuma ikipinda kidogo fundi mzuri anainyosha. Jambo moja tu: soma ubavuni mwa tairi. Ukikuta namba ya mwisho ni 559 uko salama, ndiyo ile 26 ya baiskeli za milimani. Ukikuta 590, hiyo pia huitwa 26 lakini ni rimu nyingine kabisa, tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Nimeona watu wanabeba tairi kutoka mbali wakafika halikai.

Kufunga. Pedeli kwanza, spana ya 15. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, yaani unaizungusha kama unakaza. Wengi wameharibu mkono wa pedeli kwa kusahau hilo. Gurudumu la mbele litoke, na kati ya miguu ya foko uweke kipande cha kukinga, la sivyo kitu kizito kikikaa juu miguu inakaribiana. Maduka ya baiskeli hupata vile vya plastiki kwenye baiskeli mpya na huvitupa, kama wanavyotupa maboksi. Waombe vyote viwili kwa pamoja. Kihamisha gia kifungue kabisa, kifunge kwa kitambaa, kifiche ndani ya pembetatu ya fremu. Usukani ulegeze, uuzungushe uwe sambamba na fremu. Fremu ivishe mpira wa povu wa mabomba ya maji.

Matairi usiyatoe upepo wote. Sehemu ya mizigo ya ndege ina mgandamizo wa hewa kama mlipokaa ninyi, halipasuki. Punguza kidogo tu kama shirika linataka, upepo unaobaki unalinda rimu.

Mwisho, vitu vidogo vyote viweke kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye fremu yenyewe. Katoni huwa inatoboka chini, na nati moja ikidondoka uwanjani hutaiona tena.

MizigoNaKaratasi

Nimerudi. Mleta uzi, ulisema Umoja wa Ulaya, basi soma hapa polepole, maana mpango wako una tundu.

Anayehamisha makazi kuingia Umoja wa Ulaya anaweza kuingiza vitu vyake bila ushuru, ila kwa masharti. Uwe umeishi nje ya Umoja huo miezi 12 mfululizo au zaidi. Kitu kiwe chako na umekitumia kwa angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Ukiingize ndani ya miezi 12 tangu uweke makazi. Na baada ya kukiingiza, usikiuze, usikikodishe wala kukiazima mtu kwa miezi 12 bila kuwataarifu forodha kwanza, na ukifanya hivyo kabla ya muda huo unadaiwa ushuru.

Sasa weka baiskeli zako juu ya masharti hayo. Ya miaka tisa inapita. Ile mpya ina miezi minne, na wiki sita zilizobaki hazikufikishi sita. Na ule mpango wa kuiuza huko ikikushinda ndio hasa wasioutaka.

Isipopata msamaha huo, ushuru wa kawaida wa baiskeli kuingia Ulaya ni asilimia 14 ya thamani, kisha VAT juu yake. Kama imetengenezwa China kuna ushuru mwingine wa ziada unaoweza kufika asilimia 48.5. Wanaangalia ilikotengenezwa, si ulikoinunulia. Tazama kibandiko chini ya fremu.

Hiyo ya zamani, hata ukipanda nayo ndege, iandike kwenye orodha ya vitu vyako pamoja na namba ya fremu. Namba iko chini, pale mikono ya pedeli inapopita. Risiti ya miaka tisa najua huna, tafuta picha za zamani zenye tarehe.

Njia_Panda

Hapo kwenye miezi 6 mimi mwenyewe sikujua. Nilikwambia uza zote bila kukuuliza hata moja unaiendeshaje. Nisamehe kaka.

GurudumuLaNyuma

Hakuna neno Njia_Panda, wala usijali.

Wakuu, nimeipindua mpya juu chini jana usiku. Kibandiko kinasema imetengenezwa China. Nimekaa sakafuni pale nikaishika tu gurudumu. Nilikuwa nimeshalipa nusu ya gharama za wakala kichwani.

Nimepiga hesabu upya. Kusafirisha mpya: kifurushi cha kilo 47, maana boksi nililopewa dukani ni 138 kwa 78 kwa 22, jumlisha ushuru, jumlisha VAT, jumlisha bima, na bado mgongo haiupendi. Kuiuza hapa: bado ina risiti, ina garantii, haijaanguka hata mara moja.

Mke wangu amesoma uzi wote. Kanyamaza muda mrefu, akaniuliza, "Hiyo ya chuma si ndiyo uliyokuwa unanipakia?" Nikamwambia ndiyo. Kabla hatujaoana nilikuwa namfuata kazini nayo, anakaa kwenye kariya ile ile. Akasema, "Basi mimi nilidhani unaongelea mali."

Mama_Safari

Shemeji yetu kamaliza mjadala. Ila usichelewe kutangaza hiyo mpya. Tangaza leo, sema bei yako, na usimwambie mnunuzi tarehe ya ndege. Akijua unaondoka Alhamisi atakuja Jumatano.

GurudumuLaNyuma

Mrejesho wa wiki ya tano. Mpya imeuzwa wiki iliyopita kwa mfanyakazi mwenzangu. Nilipiga picha za mnyororo, za diski, za mkwaruzo mmoja uliopo, nikaweka risiti. Nimepata pungufu ya nilicholipa, roho imeniuma siku mbili, imepita.

Ya chuma nimeiosha kwa mswaki kama Mama_Safari alivyosema. Tairi linasoma 47-559, fundi asante. Pedeli ya kushoto nusura niikaze nikidhani naifungua, nikarudi kusoma uzi. Kabla ya kufungua kitu chochote nilipima: kutoka katikati ya mikono ya pedeli hadi juu ya kiti, sentimita 71.

Boksi nimelipima kwa mzani wa bafuni. Nilipanda peke yangu, kisha nikapanda nimelikumbatia. Tofauti ni kilo 20.6. Shirika langu linaihesabu kama begi moja, nimeshapigiwa simu kuthibitisha nafasi. Picha nimepata tatu zenye tarehe, ya zamani zaidi ni ya mwaka wa pili, mke wangu yuko kwenye kariya.

GurudumuLaNyuma

Tumefika juzi. Boksi nililifungua pale pale uwanjani, watu wanapita na mabegi yao. Katoni imetoboka chini kama fundi alivyosema, mfuko wa nati haukwenda popote. Rimu ya mbele inayumba kidogo, ilikuwa inagusa pedi ya breki upande mmoja, nikakaza spoku mbili ikaacha. Forodha walitazama orodha, wakatazama picha, wakauliza namba ya fremu, nikawaonyesha.

Leo asubuhi nimeiunganisha sebuleni, bado hatuna meza wala viti. Nimerudisha kiti, nikaweka futi. 71.